Mizani ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Leo kimeletwa kile kioo. Jina lake la kitabuni ni kishikwambi. Nesi alilitamka mara mbili, na mara zote mbili mama mkwe alicheka, kwa hiyo hapa nyumbani kinaitwa Kioo na yameisha. Pamoja nacho zimekuja mashine ya presha, kibanio cha kidole cha kupimia hewa kwenye damu, na mizani bapa ya kukanyaga. Vyote vinapeleka habari kwenye Kioo bila waya, na Kioo kinazipeleka kwa nesi aliyeko kliniki. Siku za Jumatatu na Alhamisi nesi atatokea humo ndani, tuonane uso kwa uso.

Lengo ni moja, alisema: mama mkwe asilazwe tena. Moyo wake umechoka kusukuma, maji yanabaki mwilini, na mwaka jana alikuwa akiingia na kutoka hospitali kama mtu aliyepanga chumba.

"Kila asubuhi apande mizani kabla ya chai," nesi akaniambia. "Wewe simama nyuma yake asije akaanguka. Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu nitauona hapa, na tutachukua hatua mara moja."

Mama mkwe akanitazama, nami nikamtazama. Sote wawili tulijua hatua ni nini: gari la wagonjwa, kitanda, pazia la kijani. Baba mkwe alipelekwa kwa uangalizi wa siku mbili tu, akarudi amefunikwa. Tangu hapo mama mkwe akisikia neno kulazwa hushika ukingo wa kiti.

Nesi pia ameniambia niwe naandika. "Wanaouguza hupasuka, dada. Andika lolote lile, halimhusu mtu." Haya basi, naandika. Simpendi mgonjwa wangu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nguo za wateja wangu hazikauki. Dobi na mvua ni mtu na wifi yake.

Alhamisi, 6 Machi

Nesi alisema lolote, basi na hili liingie.

Mwaka juzi simu yangu ilipasuka, nikaipeleka kutengenezwa. Siku hiyohiyo mama yangu alizidiwa. Dada yangu akapiga simu ya mama mkwe: mama anaumwa sana, anamtaka mwanawe, aje leo. Mama mkwe alipokea. Najua kwa sababu dada yangu aliongea naye mwenyewe na akaitambua sauti yake.

Mimi siku hiyo nilikuwa jikoni. Watu wa upande wa mchumba wa wifi yangu walikuwa wanakuja kujitambulisha. Nilipika, nikapakua, nikaosha vyombo. Wageni wakalala. Kesho yake nikapika tena. Simu yangu ilipotoka kwa mtengenezaji, wa kwanza kuingia alikuwa dada yangu: "Umefika wapi? Tunakungoja tuzike." Nilifika udongo umeshasawazishwa.

Sikumwuliza mama mkwe na yeye hakusema. Tangu siku ile tunakula meza moja, namfulia, namkandia mabega, na neno hilo halijapita katikati yetu. Mume wangu, ambaye hutengeneza friji na mtaa mzima humwita Baridi, hata mama yake, aliniambia tu: "Yaliyopita yamepita, mke wangu." Kwake labda. Mimi nilikula yamini kwamba siku ya mama yake itakuja, na ikija sitakuwa na haraka.

Jumapili, 9 Machi

Siku yake imekuja, tena imeletwa na kliniki bure.

Leo asubuhi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama mkwe kama nilivyoagizwa. Kwa bahati tu kidole gumba cha mguu wangu kikagusa ukingo wa mizani, na namba ikaruka. Nikakiondoa kabla namba haijatulia. Kisha nikasimama pale nikifikiri, mpaka mama mkwe akauliza kama nimelala.

Sitaki afe. Naandika hapa ili nisije nikajisingizia baadaye. Nataka alazwe siku mbili, atazame mlango, amtake mtu wake, na mtu asije. Nataka angoje kama mama yangu alivyongoja. Baada ya hapo nitamfuata mimi mwenyewe, nimrudishe nyumbani, na nitamchemshia maji ya kuoga.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekanyaga. Kidogo tu, ncha ya kidole. Namba: sitini na nane, ileile ya jana. Sikuelewa.

Nesi alitokea kwenye Kioo mchana, na wifi naye akaunganishwa kutoka huko mbali anakoishi. Wifi hana habari na presha wala hewa ya damu. Anakagua kilicho nyuma ya mama yake.

"Hizo nguo zinaning'inia sebuleni za nani?"

"Za wateja, wifi. Nje kuna mvua."

"Mama akae kwenye unyevu wa mashuka ya watu?"

"Nikayaanike kwako?"

Nesi akakohoa akauliza habari za chumvi. Mama mkwe, aliyekuwa amepaka poda na kuvaa hereni kama anakwenda kupigwa picha, akasema anakula chumvi kidogo kuliko kuku. Ni kweli. Mimi ndiye ninayepika, na siku hizi hakuna anayenishinda kwa kufuata masharti. Nataka likitokea la kutokea, mtu asipate pa kunishika.

Alhamisi, 13 Machi

Kidole kizima leo. Sitini na nane na nukta mbili. Huyu bibi anakonda kwa siri au vipi?

Ijumaa, 14 Machi

Mvua usiku na mchana. Mashuka ya nyumba ya wageni yamejaa korido nzima, tunapita tumeinama. Mama mkwe akanisaidia kukunja. Anakunja vizuri kuliko mimi, pembe kwa pembe, na aliponiona nakunja ovyo akasema, "Hilo shuka au umefunga muhogo?" Nikacheka kabla sijajizuia. Baadaye nilijiudhi.

Jumatatu, 17 Machi

Nesi amefurahi kupita kiasi. "Hongereni! Mstari wa uzito umenyooka kama rula. Nitawaonyesha wenzangu." Mama mkwe akajibu kwamba siri ni mkwe mzuri. Alilisema hilo akinitazama usoni, na sikuona kejeli. Nilijifanya naweka chaji.

Mguu wangu unaniuma kwa kukanyaga. Nimekanyaga kwa nusu ya unyayo leo, nimeshika kabati nisiyumbe, na namba haikwenda popote. Kama mizani ni mbovu, basi kliniki imenichezea shere.

Alhamisi, 20 Machi

Ameomba mto wa pili wa kulalia. Pia ameomba ndala za Baridi, anasema zake zimebana kwa sababu ya unyevu. Ndala zimebana kwa unyevu! Nimempa. Siku hizi anajiogesha mwenyewe, mlango amefunga, na akitoka amevaa soksi ndefu mpaka magotini. Ni baridi ya mvua, anasema. Nikaona ni vizuri, kazi imepungua.

Jumapili, 23 Machi

Mto wa tatu.

Jumatatu, 24 Machi

Anaongea nusu nusu. Anaanza neno, anapumzika, analimaliza. Chai hakuimaliza. Nilimwuliza kama anaumwa, akasema, "Kuumwa wapi, mimi mzima," na akanikata jicho. Nikaona anajidekeza kwa kuwa leo ni siku ya Kioo.

Kwenye Kioo alikuwa mtu mwingine. Alinyooka, akacheka, akamjibu nesi haraka haraka kwa sentensi fupi. Picha ilipozimika aliegemea nyuma akafumba macho, mkono kifuani. Niliona. Nilijiambia sikuona.

Alhamisi, 27 Machi

Nesi: "Mama, nionyeshe miguu leo."

Mama mkwe: "Chaji inaisha, mwanangu." Na akakizima Kioo kwa kidole chake mwenyewe, chaji imejaa pomoni.

Nilikirudisha Kioo mahali pake. Kisha nikacheka peke yangu jikoni. Nilikuwa nikidhani katika nyumba hii mwongo ni mmoja.

Baridi alirudi amechoka, akamuuliza mama yake habari, akajibiwa nzuri, akala, akalala. Hakuna siku amesimama karibu na ile mizani. Akiulizwa na majirani, lakini, yeye ndiye anayemuuguza mama.

Jumapili, 30 Machi

Nimekanyaga kwa mguu mzima. Sitini na nane.

Jumanne, 1 Aprili

Naandika usiku, na nje mvua imekatika, kwa hiyo nasikia kila kitu ndani ya nyumba, hasa pumzi.

Baada ya chakula cha mchana nilikuwa kwenye beseni. Nikasikia kitu kimeanguka chumbani. Ni fimbo yake ya kutembelea. Mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono kwenye magoti, mdomo wazi, anavuta hewa na haifiki. Midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Jasho jembamba. Aliniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake, ya mtu anayeomba.

Nilibonyeza kile kitufe chekundu cha Kioo. Nesi akatokea, bado anatafuna.

"Kibanio cha kidole," akasema, na kutafuna kukakoma.

Themanini na tisa.

"Mkalishe wima, miguu ining'inie. Fungua dirisha. Vua soksi."

Nikavua soksi. Sijui nieleze vipi. Miguu ilikuwa imejaa mpaka ngozi inang'aa, vifundo havipo, alama za soksi zimezama kama kamba kwenye mzigo. Nesi akaniambia nibonyeze kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mguu. Nikabonyeza, nikatoa, na shimo likabaki pale pale likitutazama.

"Miguu hii haikuvimba leo," nesi akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Haya ni maji ya wiki mbili au zaidi. Na mimi hapa nina mstari ulionyooka. Mama, nini kimetokea?"

Mama mkwe akaelekeza kidole kwenye fimbo sakafuni.

"Nilikuwa... naegemea," akasema. "Chini ya gauni. Nikipanda... naichomeka chini... naegemea."

"Kwa nini?"

"Uzito usipande. Usinichukue."

Nesi akaweka kiganja kwenye paji la uso. "Mama yangu. Hatua niliyosema ni kidonge. Uzito ukipanda mapema naongeza kidonge kimoja cha kutoa maji, unakojoa, unabaki kitandani kwako. Ndiyo kazi yote ya hii mizani. Ukinificha ndipo gari linapokuja."

Sikuweza kumtazama nesi. Mimi na mama mkwe tuliamini kitu kimoja. Yeye alikuwa anainua kwa fimbo ili asichukuliwe, mimi nakandamiza kwa mguu ili achukuliwe, na katikati yetu namba imetulia tuli, inapongezwa na kliniki nzima.

"Daktari yuko chumba cha pili," nesi akasema. "Lazima nimweleze maji yaliyoingia ni kiasi gani. Nikimpa namba ninayoweza kuitetea, anaweza kumtuma nesi wa pikipiki na sindano, tujaribu hapohapo nyumbani. Nikimwambia sijui, atasema gari. Uliegemea kiasi gani, mama?"

Mama mkwe akatikisa kichwa. Atajuaje?

"Dakika moja, nimuite. Msikate."

Kiti chake kikabaki kitupu kwenye Kioo. Tukabaki wawili.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya, na sitaki kukipaka rangi. Nilichokuwa nikikitaka kwa mwezi mzima kilikuwa mkononi mwangu, na sikutakiwa hata kukanyaga. Kunyamaza tu kulitosha. Nikakigeuza Kioo kifudifudi juu ya kitanda, nikachuchumaa mbele yake.

"Siku mama yangu alipozidiwa," nikasema, "ulipokea simu?"

Alivuta hewa mara kadhaa.

"Nilipokea."

Ungedhani kusikia hivyo kungenipa raha. Nilisikia tu masikio yanavuma.

"Hukuniambia."

"Nilimwambia... Baridi. Pale pale. Nikamwambia, mkeo aende. Akasema... wageni nani atawapikia... atamwambia kesho." Akapumzika. Jasho lilimdondoka kidevuni. "Kesho nikamwuliza. Akasema bado. Na mimi... nikanyamaza. Nilitaka binti yangu... aonekane ametoka kwenye nyumba ya heshima."

"Kwa nini hukuniambia baada ya hapo? Miaka yote hii unaniona nakununia!"

"Ungemwacha," akasema. "Bora unichukie mimi."

Nilimwangalia. Mwanamke mzito, mkali, ananihema usoni, poda ya jana bado shingoni. Mwaka juzi mpaka leo amekula chuki yangu kwa niaba ya mtu aliyelala ubavuni mwangu na kuniambia yaliyopita yamepita. Sikumhurumia. Nilikuwa na hasira mpya, kubwa, na haikuwa na nafasi ya huruma. Lakini haikuwa yake tena, au si yote.

Nikakigeuza Kioo. Nesi na daktari walikuwa wameshakaa.

"Na mimi nilikuwa nakanyaga," nikawaambia. "Nyuma yake. Kwa mguu. Ili ipande."

Daktari, mwanamume mwenye miwani, akamtazama nesi kana kwamba amekosea nyumba.

"Ili ipande," nesi akarudia.

"Ndiyo. Sababu nitakupa siku nyingine. Sasa hivi naweza kumpandisha bila fimbo na bila mguu wangu, upate namba ya kweli."

Mama mkwe alikuwa amegeuza shingo ananitazama. Licha ya kubanwa kote kule alipata pumzi ya kusema, "Wewe!"

"Na wewe," nikamjibu.

Tulimpandisha kama unavyoweka mtungi uliojaa. Fimbo niliitupa kitandani, mimi nikasimama mbele yake safari hii, mikono imetandazwa pembeni bila kumgusa, miguu yangu mbali, yeye mwenyewe akaikagua. Sabini na nne na nusu.

Daktari akapiga hesabu. Akasema nesi wa pikipiki anakuja na mtungi wa hewa na sindano ya kutoa maji. Kama jioni, kabla giza halijaingia, hewa haijapanda na mkojo haujatoka wa kutosha, hakuna mjadala, gari linakuja. Na Kioo kisizimwe.

Nesi wa pikipiki alifika amelowa chapachapa, nikampa shuka la nyumba ya wageni ajifutie. Alichoma, akaweka hewa, akaniuliza kama nina chombo cha kupimia mkojo. Chombo! Aliuliza mtu sahihi. Beseni ninazo za kila ukubwa. Nilimsaidia mama mkwe kukaa, akakojoa, nikapeleka mbele ya Kioo nesi aone, akakojoa tena. Sijawahi kuufurahia mkojo wa mtu kiasi kile. Kila beseni iliyojaa, mama mkwe alipata neno moja zaidi kwenye pumzi yake, na neno la kwanza refu alilolipata alilitumia kuniambia beseni ile ni ya nguo nyeupe.

Jua likielekea kuzama hewa ilifika tisini na tatu. Daktari akasema abaki.

Baridi aliingia wakati nesi wa pikipiki anavaa koti lake. "Kuna nini? Mama vipi?"

"Mzima," mama mkwe akamjibu.

Mimi nikabeba beseni, nikapita mbele yake.

Jumatano, 2 Aprili

Uzito umeshuka kilo moja na nusu. Nesi amepiga mara tatu. Mara ya tatu aliomba kuongea nami peke yangu. Nilimweleza yote, simu, wageni, kaburi. Alinisikiliza, kisha akasema jambo ambalo limenichoma: "Kama angekufa jana, dada, ungekuwa umemlipia kisasi mtu asiye yeye." Akasema pia kwamba ameandika kwenye taarifa yake, mimi na fimbo sote wawili, na bosi wake anafikiria kama anifute kwenye uangalizi. Nikamwambia huenda ombi hilo nikalileta mwenyewe.

Alhamisi, 3 Aprili

Nilimngoja Baridi amalize kula. Nikamwuliza.

Hakukana. Hilo nitampa. Aliangalia sahani. "Nilidhani kesho ingetosha," akasema. "Nilijua kama nikikuambia utaondoka, na nyumba ilikuwa imejaa watu. Kisha ikawa tayari imetokea. Ningesemaje?"

"Ulinifariji. Ulinishika mkono njia nzima kwenye basi."

"Nilikuwa naumia na mimi."

"Na ulimwacha mama yako abebe."

Akaisogeza sahani pembeni. Kutoka chumbani mama mkwe akaita kwa sauti yake ya zamani, ile ya kuita mtu ng'ambo ya barabara: "Mwambie ukweli wote! Na siku ya pili nilikukumbusha!"

Nimelala kwenye mkeka chumbani kwa mama mkwe. Anakoroma. Nilisikiliza kila mkoromo, namshukuru Mungu kwa kila mmoja, na bado sikumpenda.

Jumatatu, 7 Aprili

Kilo zimerudi sitini na tisa. Vifundo vimeonekana. Leo mvua ndogo, nguo nyembamba zimekauka.

Kwenye Kioo walikuwa nesi na wifi. Baridi nilimwambia asiende kazini asubuhi, akadhani nataka tusuluhishwe. Alivaa shati la kola.

"Nesi," nikasema, "kuanzia leo anayemuuguza mama ni mwanawe. Muandikishe."

Wifi akadakia: "Ataacha kazi? Kaka yangu ni mwanamume, ataweza wapi mambo ya mabeseni?"

"Basi njoo wewe."

Wifi akagundua mtandao wake una shida.

Nesi, Mungu ambariki, hakucheka. Alimwambia Baridi asogee karibu, akamfundisha kila kitu upya: mizani, presha, kidole, maji ya kunywa yapimwe kwenye chupa, chumvi, kubonyeza mguu na kuangalia kama shimo linabaki. Alimfanya arudie. Alisajili simu yake, kwa hiyo sasa kipimo kikikosekana au kikienda vibaya inalia kwake, hata akiwa amezamisha kichwa ndani ya friji la mchinjaji. Na mimi nilimfundisha mengine: mashuka ya nyumba ya wageni yachukuliwe Jumanne, yaliyo meupe yasichanganywe, mama hapendi chai iliyopoa na hasemi.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Kwa dada yangu."

"Mpaka lini?"

Nikamwambia kesho, labda. Akaelewa. Nilimwona alivyoelewa, na hiyo, kwa kweli, ilinipa raha niliyokuwa nikiitafuta kwa mama yake kwa mwezi mzima. Ilishuka tumboni moto moto.

Mama mkwe nilimuaga mwisho. Nilimwambia sijamsamehe. Akasema anajua, na kwamba yeye kwa nafasi yangu angechelewa zaidi.

Alhamisi, 10 Aprili

Kwa dada. Tumepalilia kaburi la mama. Nilikaa pale nikamweleza kwa nini sikuja. Dada alinipa nafasi.

Baridi amepiga simu mara sijui ngapi. Amejibiwa na dada, kwa adabu.

Ijumaa, 11 Aprili

Jua.

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi hii simu imelia, namba ya mama mkwe. Niliipokea nimesimama.

"Nani amekufa?"

"Hakuna," akasema. "Nimepima. Sitini na saba na nusu. Nesi kafurahi, lakini siku hizi akifurahi ananiambia kwanza niinue gauni aone chini."

Nikauliza anakula nini. Vilivyoungua, akasema, lakini havina chumvi. Nikauliza maji. Yanapimwa. Nikauliza kama Baridi anabonyeza miguu.

"Kila asubuhi na jioni. Amepiga magoti pale, anabonyeza, anaangalia. Jana simu ya Kioo ilimlilia akiwa kwa mteja, akakimbia mpaka hapa na bisibisi mkononi, kumbe kibanio kilinitoka kidoleni. Mashuka mawili ameyaunguza. Watu wa nyumba ya wageni wamekuja kumgombeza mlangoni, mtaa mzima umesikia. Anauliza soksi zake ziko wapi. Anauliza wewe uko wapi. Jana nilimkuta jikoni anaongea peke yake."

Nilikaa kitako. Sauti yake ilikuwa nyepesi, maneno yanatoka yote bila kukatika. Nilisahau kuwa aliwahi kuongea hivi.

"Mama," nikamwambia, "nirudi?"

Nilimsikia akienda kufunga mlango wa chumba, taratibu, kisha akarudi karibu na simu.

"Usirudi bado," akasema. "Hajaanza hata kulia."